Mwanza Ijenge Boti za Doria, Lakini Ratiba ya Oda Itangulie

Cheti cha fundi wa kuchomelea kina uhai mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa viwango vya ISO 9606, vinavyofuatwa na karakana nyingi za meli duniani, kila baada ya miezi 6 msimamizi wa uchomeleaji lazima aweke sahihi kuthibitisha kwamba fundi ameendelea na kazi ya aina ileile aliyofanyia mtihani. Miezi hiyo ikipita bila kazi, hakuna sahihi, cheti kinakufa. Fundi anarudi kuchomelea kipande cha majaribio, kipande kinapindwa, kinakatwa au kinapigwa eksirei, na gharama zote zinaanza upya. Ukitaka kujua kama mji fulani unaweza kubeba kiwanda cha ulinzi, usianze na hotuba wala michoro. Uliza kama ndani ya miezi 6 ijayo kutakuwa na kazi mezani, na ndani ya miezi 6 inayofuata, na inayofuata tena.

Mjadala wa viwanda vya ulinzi Afrika Mashariki kwa kawaida huanzia kwenye bunduki na risasi. Tanzania ina Shirika la Mzinga pale Morogoro tangu miaka ya 1970, na Kibaha ipo Nyumbu kwa upande wa magari. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 ikafungua kiwanda cha bunduki ndogo Ruiru chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Nchi tatu jirani, kila moja na kiwanda chake cha risasi, kwa majeshi ambayo hata ukiyajumlisha hayafanyi soko kubwa. Kila nchi ina sababu ya kutotaka kumtegemea jirani kwa risasi, na sababu hiyo ina uzito wake. Ila kwa uchumi wa mkoa, kiwanda cha risasi ni uzio mrefu wenye geti moja: malighafi inaingia kutoka mbali, bidhaa inatoka kimyakimya, na karakana za mtaani hazipati hata kazi ya kutengeneza bawaba.

Tena kiwanda hicho kinataka ardhi tupu ya kukizunguka. Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, ghala za mabomu zililipuka zikiwa zimezungukwa na makazi ya watu, na watu walikufa majumbani mwao. Mwanza ni mji uliopanda vilima vya mawe, nyumba zimebanana kutoka kileleni hadi ufukweni. Hauna nafasi ya namna hiyo, na hauna haja nayo.

Kitu ambacho Mwanza inaweza kuiuzia sekta ya ulinzi ni boti, na sababu ni ya kijiografia. Hakuna chombo kinachoingia Ziwa Victoria kutoka baharini kwa kujiendesha. Chochote kinachozidi upana wa lori lazima kije vipandevipande na kuunganishwa ufukweni. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa karne ya 20, meli za Winifred na Sybil zilipoletwa kwa reli na kuungwa Kisumu. Ilipozuka Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa na meli kadhaa za mvuke ziwani na chelezo (mahali pa kupandishia meli ili zitengenezwe) huko Kisumu. Wajerumani waliokuwa Mwanza walikuwa na tagi ndogo, yaani boti ya kuvutia meli, iliyopewa jina la mji. Novemba 1914 Sybil ilikwama kwenye miamba ya Majita, eneo lililokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka uliofuata Waingereza waliikwamua, wakaivuta hadi Kisumu na kuirudisha kazini. Meli iliyopigwa mwamba ilipata pa kutibiwa, na mwenye chelezo ndiye aliyelitawala ziwa hadi Mwanza ilipochukuliwa mwaka 1916.

Leo Mwanza haiko pale ilipokuwa. Bandari ya Mwanza Kusini ndiko ilikoungwa MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ikashushwa majini Februari 2023. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni za Korea Kusini pamoja na SUMAJKT, tawi la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Mkataba tofauti wa wakati huohuo ulikuwa wa kujenga chelezo kipya hapohapo. MV Victoria, iliyo majini tangu 1961, ilikarabatiwa Mwanza na kurudi kazini mwaka 2020. Ilemela kuna karakana binafsi ya Watanzania ambayo kwa miaka imejenga vivuko vya serikali. Kwa hiyo uwezo wa kukata bamba, kulikunja na kuliunga upo. Kinachoyeyuka ni mwendelezo, kwa sababu mradi mkubwa ukiisha mafundi wake hutawanyika: mmoja anakwenda mgodini Geita, mwingine kwenye mabomba, wa tatu anafungua kibanda cha milango na madirisha. Miaka miwili baadaye tenda inatangazwa, na kampuni inaanza kutafuta mafundi ambao tayari ilikuwa nao.

Jambo hili limewaumiza hata wakubwa. Barrow-in-Furness, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza unaojenga nyambizi, ulikuwa na wafanyakazi zaidi ya 14,000 kwenye karakana yake mwaka 1990. Kufikia 1995 hawakufika 6,000. Nyambizi za aina ya Vanguard zilipokuwa zinaelekea ukingoni, hakukuwa na kazi nyingine ya kusanifu iliyofuatia moja kwa moja. Serikali ilipoagiza nyambizi za Astute, wasanifu na mafundi waliokuwa wakijua kazi walishastaafu au kuhama. Mradi ulichelewa kwa miaka, ukazidi bajeti, na ikabidi wahandisi wa kampuni ya Electric Boat waitwe kutoka Marekani kusaidia. Astute iliingia kazini mwaka 2010. Kama taifa lenye mkoba wa Uingereza lililipia pengo la oda kwa bei hiyo, Mwanza haitaliruka pengo kama hilo kwa uzalendo.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua boti za doria 15 za mita 12, kila moja ikitarajiwa kuishi miaka 15. Ukiziagiza zote kwa mkupuo, karakana inakesha mwaka mmoja na nusu, inaajiri, inanunua mashine, halafu inakaa kimya hadi boti zianze kudai ukarabati mkubwa. Na zitaudai zote kwa pamoja, kisha zitazeeka zote kwa pamoja, na kitakuwepo kipindi ambacho ziwa halina boti nzima hata moja. Ukiagiza moja kila mwaka, hesabu inageuka. Kila mwaka kuna bodi mpya moja sakafuni. Kuanzia mwaka wa 8 kuna ukarabati mkubwa mmoja kila mwaka: injini, nyaya, matangi. Na kundi likishatimia 15, kila boti ikipandishwa nchi kavu mara moja kwa mwaka kukaguliwa, kuna boti moja inayopanda kila baada ya wiki tatu na nusu hivi. Idadi ya boti haijaongezeka hata moja, wala bei ya jumla haijapanda kwa kiasi cha kutisha, ila cheti cha fundi hakifi.

Serikali hupenda mkupuo kwa sababu mkupuo una sherehe, na kwa sababu fedha ya mwaka huu haina hakika ya kuwepo mwakani. Hofu hiyo ya fedha tunaielewa. Dawa yake ni mkataba wa miaka mingi wenye kifungu cha bei kinachofuata bei ya bamba na thamani ya dola. Kununua boti 15 mara moja na kuziacha zioze kwa pamoja hakuondoi hofu hiyo, kunaiahirisha tu.

Sasa tuingie karakanani, maana hoja ya "tuna mafundi" huishia hapo. Boti ya doria ya mita 12 inafaa iwe ya aluminiamu ya daraja la 5083, bamba la milimita 6 chini na 5 au 4 ubavuni. Faiba ni nzuri kwa boti za mita 7 au 8, ni nyepesi na rahisi kuzibwa, lakini pwani ya Mwanza ni mawe matupu, na faiba ikigonga jiwe hupasuka pale ambapo aluminiamu ingebonyea tu. Chuma kinaanza kuwa na maana urefu ukizidi mita 20.

Aluminiamu haimsamehe fundi aliyezoea chuma. Juu ya bamba kuna utando wa oksaidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, wakati aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye 660 hivi. Usipousugua, unabaki ndani ya mshono kama ganda la yai ndani ya chapati. Usuguliwe kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, tena brashi iliyowekwa kwa ajili ya aluminiamu pekee. Ukitumia brashi au diski ya grenda iliyotoka kwenye nondo, chembe za chuma hubaki juu ya bamba na baada ya miezi zinaanza kuchimba vidoa. Ndiyo maana karakana inayofanya vyote viwili inatakiwa kuwa na mabanda mawili, kwa sababu vumbi la grenda halijui mipaka.

Unyevu ni adui wa pili. Waya wa kuchomelea ukiachwa usiku kucha kwenye mashine bila kufunikwa, asubuhi una umande usioonekana, na haidrojeni ya umande huo huacha vitundu ndani ya mshono. Juu unaona mshono mzuri unaong'aa. Eksirei inaonyesha sifongo. Adui wa tatu ni upepo. Uchomeleaji huu unalindwa na gesi ya argoni, na upepo wa mita 2 kwa sekunde unatosha kuipeperusha. Mwanza upepo wa ziwani huanza kuingia nchi kavu jua linapopanda, siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo banda lenye paa bila kuta, kama yalivyo mengi ufukweni, halifai. Karakana inahitaji kuta, au angalau mapazia mazito yanayofika chini, na kazi ya mishono itakayokaa chini ya maji ipangwe asubuhi.

Kosa jingine linatokana na kubana matumizi. Mabomba na pembe za aluminiamu zinazopatikana kwa urahisi madukani ni za daraja la 6061, ambazo nguvu yake imetokana na kupikwa kwa joto kiwandani. Ukizichomelea, eneo linaloizunguka mishono hupoteza karibu nusu ya nguvu hiyo. Fundi asiyejua hili anatengeneza mataruma ya boti kwa 6061 akiamini ni imara kuliko 5083, kwa sababu karatasi ya muuzaji inasema hivyo, na karatasi haisemi uongo: imesema kuhusu aluminiamu ambayo haijachomelewa. Baada ya misimu miwili ya mawimbi, nyufa zinaanza pembeni mwa mshono.

Bodi likishafungwa, linapimwa kama linavuja. Hapa hakuna haja ya mitambo ya bei mbaya. Unapaka chokaa upande mmoja wa mshono, ikikauka unapaka mafuta ya taa upande wa pili. Mafuta ya taa hupenya tundu ambalo maji yangelikosa, na doa linajitokeza kwenye chokaa. Matangi hupimwa kwa hewa ya shinikizo dogo, bar 0.15 hivi, na povu la sabuni juu ya mishono. Njia hizi ni za zamani na bado zinakubalika. Tatizo lake ni moja: zinaonyesha mvujo, hazionyeshi udhaifu. Kwa udhaifu lazima kuwe na eksirei au altrasoniki na mtu aliyefuzu kuisoma, naye asiwe anakula mshahara wa karakana ileile.

Ziwa lenyewe ndilo linaloipa Mwanza faida ambayo karakana ya Dar es Salaam au ya Ulaya haina. Boti nyingi za doria sokoni zimesanifiwa kwa ajili ya bahari, na zinaletwa ziwani na mazoea ya bahari. Anza na anodi, vile vipande vya metali vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe badala ya bodi. Baharini hutumika zinki. Kwenye maji baridi zinki hujifunika utando mgumu na kuacha kufanya kazi. Fundi anapandisha boti baada ya mwaka, anaikuta anodi iko kama mpya, anafurahi na kuirudisha majini. Anodi ilikuwa imelala tangu mwezi wa kwanza. Kilicholiwa ni shafti, rafadha (pangaboi) na kingo za bodi. Ziwani inatakiwa anodi ya magnesiamu. Hii ni bidhaa ndogo, bei yake ni chai ukilinganisha na boti, na bado inakosekana kwa sababu maduka ya vipuri vya majini huagiza kwa mazoea ya pwani.

Rangi pia. Baharini chini ya boti hupakwa rangi yenye shaba kuzuia viumbe wenye magamba kung'ang'ania bodi. Ziwani viumbe hao wa baharini hawapo; kinachosumbua zaidi ni ute wa mwani, unaoondoka kwa kusuguliwa. Rangi ya shaba juu ya aluminiamu si kwamba ni hasara tu, inaweza kulitafuna bodi pale ulinzi wa chini yake unapochubuka. Epoksi safi inatosha.

Halafu mwinuko. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwenye mwinuko huo. Ukiletewa boti yenye rafadha iliyopangwa pwani, injini haitafikia mizunguko yake ya juu: itakoroma, itatoa moshi mweusi, itajaza masizi na kupata joto, na watu watasema injini ni feki. Dawa ni kupunguza pichi ya rafadha, yaani ule mlalo wa mabapa yake unaoamua mzunguko mmoja unaisogeza boti umbali gani. Kwa injini za kupachika nyuma, kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika, kwa hiyo unajaribu boti ikiwa na mzigo kamili, askari wote na mafuta tele, unasoma mita, unabadilisha, unajaribu tena. Ni kazi ya siku moja inayookoa injini ya miaka.

Na magugu maji. Boti za kasi za siku hizi nyingi husukumwa kwa pampu ya maji badala ya rafadha. Baharini ni mfumo mzuri sana. Kwenye ghuba zenye magugu, mdomo wa pampu hunyonya majani na mizizi hadi unaziba, na boti inabaki inaelea mbele ya majambazi waliokuwa wanakimbizwa. Injini inayopozwa kwa kuvuta maji ya ziwa inaziba vivyo hivyo. Kwa ziwa letu, injini za dizeli za ndani, rafadha iliyokingwa ndani ya handaki la bodi, na mfumo wa kupoza wa mabomba yanayopita chini ya bodi bila kunyonya maji, ndio mpangilio tunaoupendekeza. Utapoteza fundo kadhaa za kasi. Utapata boti inayorudi nyumbani.

Ujuzi huu wote uko Mwanza tayari, umetawanyika kwa mafundi wa vivuko, wa boti za kukusanya samaki, wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Haujaandikwa mahali na haujawahi kuingizwa kwenye masharti ya tenda. Tenda ikiandikwa kwa kunakili karatasi ya mtengenezaji wa ng'ambo, mshindi atakuwa huyohuyo mtengenezaji, na ziwa litapokea zinki na rangi ya shaba.

Kuna jambo la usalama ambalo hapa ufukweni halihitaji kuelezwa kwa urefu. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, na kwa MV Nyerere uokoaji ulisitishwa usiku. Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Boti ya doria ziwani ni boti ya uokoaji pia. Kwa hiyo uimara wake usibishaniwe kwa bei. Kila boti mpya, na kila boti iliyoongezewa kitu juu, ifanyiwe jaribio la mwinamo: boti imefungwa kwa kamba legelege kwenye maji tulivu, matangi yamejaa kabisa au ni makavu kabisa, watu wasiohusika wameshuka, uzito unaojulikana unahamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na timazi inasomwa. Jaribio hili huharibiwa na tangi lililojaa nusu, kwa sababu mafuta yanayochezacheza hudanganya kipimo. Na kosa la kawaida kwa boti za ulinzi ni kuongeza: leo taa kubwa juu ya paa, kesho kiti cha bunduki, keshokutwa mabamba ya kuzuia risasi kuzunguka usukani. Kila kimoja kinaonekana kidogo. Vikijumlishwa, kitovu cha uzito kimepanda na hakuna aliyepima upya.

Kwenye fedha tusijidanganye. Bamba la 5083 halitengenezwi Tanzania. Viwanda vyetu vya chuma, vya Nyakato vikiwemo, vinatoa nondo na bidhaa nyepesi. Injini, rada, redio na nyaya za majini vitatoka nje. Ukipima mafanikio kwa asilimia ya thamani ya boti inayobaki nchini, mwaka wa kwanza utaaibika, na shinikizo litawafanya watu waanze kupika takwimu. Kinachobaki Mwanza ni saa za kazi: kukata, kuunga, kufunga mabomba, umeme, viti, matangi, matrela ya kubebea boti, na juu ya yote matengenezo ya miaka 15. Boti ya doria katika maisha yake hula matengenezo mengi kiasi kwamba anayeshinda tenda ya kujenga bila tenda ya kutunza ameshinda nusu tu. Mkataba uwe mmoja. Karakana ikijua itaitunza boti yenyewe kwa miaka 15, haitaweka pembe za 6061.

Malipo ndiyo yanayoua karakana ndogo. Kontena la bamba linalipiwa kabla halijapanda meli, kisha linasafiri wiki nyingi baharini na zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Karakana inayosubiri serikali ilipe baada ya kukamilika inakopa benki kwa riba, na riba hiyo inakula faida yote kabla bodi halijasimama. Malipo ya awali yaende moja kwa moja kwa bamba na injini, yakilindwa na dhamana ya benki. Yanayofuata yaende kwa hatua zinazoonekana: mkuku na mataruma vimesimama, bodi limefungwa na kupimwa, injini zimefungwa, boti imefaulu majaribio majini. Kiasi kibaki hadi muda wa dhamana upite. Na mkandarasi mkuu alazimike kuwalipa mafundi wadogo ndani ya siku zilizotajwa, kwa sababu wao ndio wa kwanza kufunga milango.

Oda za ulinzi peke yake hazitaijaza karakana. Zichanganywe na za raia, na hapa soko nalo linabadilika. Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, na vivuko vilivyokuwa vikivusha magari hapo vimepoteza kazi yao ya zamani. Kwa msafiri ni neema tupu. Kwa karakana ni ishara kwamba kivuko kikubwa si mteja wa milele. Visiwa vya Ukerewe na vingine vitahitaji vyombo vidogo vya kasi, boti za wagonjwa, boti za ukaguzi wa uvuvi, na bodi la mita 12 la doria linaweza kuwa bodi hilohilo kwa zote, tofauti ikiwa chumba cha juu. Wanaohofia siri wazingatie kwamba bodi si siri, kila mvuvi analiona. Silaha na mawasiliano vifungwe mahali pengine na wahusika wenyewe.

Wapo wanaosema pamba ya Kanda ya Ziwa ingevalisha majeshi sare. Hoja ni nzuri, ila sare inaweza kushonwa popote na kuletwa kwa lori. Boti kubwa haiwezi.

Kisumu imeshaondoka. Kenya iliunda shirika la karakana za meli chini ya Wizara ya Ulinzi mwaka 2020, na MV Uhuru II ya mita 100 imejengwa hapo kwa kushirikiana na Damen ya Uholanzi. Kuna watakaoona huo ni mwito wa kushindana. Sisi tunaona hatari ya kurudia ya risasi: karakana tatu zinazogombea oda za ziwa moja, zote zikiwa na mapengo. Tanzania inashika takriban nusu ya ziwa, Uganda inashika sehemu inayokaribia hapo, Kenya asilimia 6 hivi. Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo tangu 2007. Kukubaliana juu ya meli ya kivita ya pamoja ni ndoto, na mgogoro wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo unatosha kuonyesha kwa nini. Lakini kukubaliana kwamba boti za doria za mita 12 za nchi zote tatu zitumie shafti ya kipenyo kimoja, rafadha za kundi moja, anodi za umbo moja na vichujio vya namba moja, hakugusi siri ya mtu yeyote. Kisumu iweke akiba ya shafti, Mwanza ya rafadha, upande wa Uganda ya vipuri vya injini, na kila mmoja anunue kwa mwenzake kwa bei iliyochapishwa. Anayetaka kuanza mwaka huu aanze na anodi za magnesiamu: agizo moja la nchi tatu, kontena moja, kabla ya boti zitakazopandishwa nchi kavu msimu ujao.